Kutoka Hela Hadi Thumuni

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda chake cha kamba, Ngamiani, Tanga. Alipofariki mwaka 1991 warithi waligawana shamba la minazi na cherehani, kopo halikugombewa. Lilikuwa limejaa fedha zisizonunua hata kiberiti. Nililichukua mimi, na tangu siku hiyo limekaa juu ya kabati langu la vitabu.

Ndani yake fedha zimelala tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa kuna sarafu tatu za shaba ya manjano, zimeandikwa 20 Heller, mwaka 1916, pamoja na herufi T. Zinafuata rupia za madini ya fedha zenye kichwa cha mfalme wa Uingereza, nzito mkononi. Halafu peni zenye tundu katikati, zile za senti kumi zilizokuwa zikitungwa kwenye uzi. Halafu thumuni, yaani senti hamsini, na shilingi ya simba aliyesimama mbele ya milima. Juu kabisa kuna shilingi mbili za mwaka 1966 zinazokaribiana ukubwa kama watoto wa tumbo moja: moja ina uso wa Nyerere na mkono ulioshika mwenge, nyingine ina uso wa Kenyatta.

Mwezi Agosti 2025 nilitia kopo ndani ya mkoba nikapanda gari la Mombasa. Nilitaka kuipita kwa mwendo wa mchana njia ambayo fedha hizi ziliipita, kutoka Tanga hadi Horohoro, kuvuka Lunga Lunga, kuteremka Vanga, kisha Ukunda, Likoni na feri. Watu wengi wameandika jinsi shilingi ya Tanzania na shilingi ya Kenya zilivyoachana. Wengi wao hutazama ubao wa benki kuu. Mimi nilitaka kuutazama mkasa huo kutokea ndani ya kopo.

Tanga ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu ya neno moja. Mtanzania akiwa na fedha anasema ana hela. Neno hilo ni la Wajerumani. Kampuni yao ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia zake mwaka 1890, zenye sura ya mfalme wao Wilhelm aliyevaa kofia ya chuma, na rupia moja ilikuwa pesa 64, kwa hesabu ya Kihindi. Mwaka 1904 serikali ya koloni ikabadilisha mgawanyo: rupia moja ikawa Heller 100. Watu wa pwani wakalitamka neno kwa ulimi wao, likawa hela, na Wajerumani walipoondoka neno likabaki. Pesa nayo ni ya India. Tunapogombana sokoni kuhusu hela na pesa tunatumia majina ya sarafu mbili za kigeni ambazo karibu hakuna aliye hai anayezikumbuka zikinunua kitu.

Kilichonishangaza nilipoanza kuchunguza ni kwamba mpaka huu, tangu ulipochorwa, ulikuwa na fedha mbili zilizolingana. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari uanzie baharini karibu na mlango wa Mto Umba, upande bara hadi Ziwa Nyanza. Kusini ikatumika rupia ya Wajerumani, kaskazini rupia ya India, na kampuni ya Kiingereza ikatoa rupia yake mwaka 1888 yenye jina la Mombasa. Rupia ya Mjerumani ilitengenezwa kwa uzito uleule wa rupia ya India, gramu 11.66, na fedha ileile. Baadaye Wajerumani walitamka kwamba rupia zao 15 ni mark 20. Waingereza walitamka kwamba rupia zao 15 ni paundi moja ya dhahabu. Mark 20 na paundi moja zilikaribiana sana. Mfanyabiashara wa Vanga aliyepokea rupia kutoka Tanga hakuhitaji kuuliza kiwango. Aliiweka kwenye mizani. Fedha ilikuwa na maana yake halisi: madini.

Gari lilipita Amboni, kisha likaingia Mkinga kwenye minazi na mabaki ya mashamba ya mkonge. Duga nilinunua mihogo ya kuchoma dirishani, shilingi elfu moja kwa vipande viwili. Nikatoa moja ya zile sarafu zenye herufi T nikaiweka kiganjani pamoja na noti ya elfu. Wajerumani walipozingirwa katika Vita Kuu ya Kwanza meli zao hazikuweza kuleta fedha. Wakahamia Tabora, na katika karakana za reli wakafua sarafu kwa shaba waliyoikusanya, yakiwemo maganda ya risasi na mizinga. Walifua pia dhahabu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima. Siku hizi wakusanyaji wa sarafu wanainunua kwa bei kubwa. Pamoja na hizo walichapa noti za muda, makaratasi mepesi yaliyotegemea ahadi ya serikali. Tanga ilitekwa Julai 1916, na Tabora ikafuata Septemba. Serikali iliyoahidi ikawa haipo. Aliyekuwa na rupia ya fedha alibaki na madini yake. Aliyelipwa kwa karatasi alibaki na karatasi.

Bibi alisimulia kwamba hela hizi tatu zilikuwa ujira wa baba yake, aliyebeba mizigo ya jeshi. Alizihifadhi akiamini kuna siku wenye nazo wangerudi kuzilipa.

Baada ya vita ikaja dhoruba ya pili. Hii ilikuwa ya viwango tupu, na naona haijasimuliwa vya kutosha kwa Kiswahili. Kabla ya vita rupia moja ilikuwa sawa na shilingi moja na peni nne za Kiingereza. Bei ya madini ya fedha ilipopanda duniani, rupia ikapanda nayo hadi ikapita shilingi mbili. Walowezi wa Kenya walikuwa wamekopa benki kwa rupia huku wakiuza kahawa na katani London kwa paundi. Walipiga kelele, na mwaka 1920 serikali ikaifunga rupia kwenye shilingi mbili kamili. Ikaletwa florini badala ya rupia, na muda si mrefu florini nayo ikang'olewa ikaletwa shilingi: florini moja, shilingi mbili. Deni la mlowezi lilikuwa limekua kwa nusu ukilipima kwa paundi. Bei za mazao zilipoanguka mwaka 1921 waajiri wakatafuta pa kupunguza, wakakubaliana kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Hapo ndipo alipoinuka Harry Thuku, karani wa simu Nairobi, akakusanya watu kupinga makato hayo pamoja na kodi na kitambulisho cha kipande. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokwenda kudai aachiwe walipigwa risasi mbele ya kituo cha polisi. Kiwango kilichopangwa ofisini London kiliishia kwenye damu ya barabarani Nairobi.

Shilingi hiyo ndiyo iliyolelewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwishoni mwa mwaka 1919. Shilingi 20 zilikuwa paundi moja. Ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika. Zanzibar ikaingia mwaka 1936, rupia moja ikibadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Hata Aden iliitumia kuanzia mwaka 1951. Kwa karibu miaka arobaini na tano mtu aliweza kutoka Mtwara hadi Gulu na fedha ileile mfukoni. Wazee wakiisifu siwakatalii, ila nakumbusha kwamba kwa miaka mingi bodi ilikuwa haina mamlaka ya kumkopesha yeyote. Shilingi zilizotolewa Tanga zilitakiwa kuwekewa akiba ya paundi London. Ilikuwa fedha imara ya watu ambao uchumi wao haukuwa mikononi mwao.

Hapa kopo linatoa ushahidi mwingine wa lugha. Kwa nini senti hamsini iitwe thumuni? Thumuni ni sehemu ya nane. Nane ya nini? Shilingi moja ina senti hamsini mbili tu. Ni nane ya riale, ile riale ya Sham yenye picha ya malkia Maria Theresa, iliyotawala biashara ya pwani enzi za masultani. Riale moja ilikuwa rupia mbili na ushei. Rupia ilipofanywa shilingi mbili, riale ikawa shilingi nne, na nane ya shilingi nne ni senti hamsini. Riale ilikwisha kutoweka sokoni, lakini kiwango chake kilibaki kinywani mwa watu, Mombasa wakisema thumuni, bara wakisema sumni.

Na dala? Shilingi tano iliitwa dala, na kutoka hapo magari ya abiria ya Dar es Salaam yakaitwa daladala miaka ya 1980, nauli ilipokuwa dala moja. Katika miaka ya 1940 paundi moja ilikuwa dola 4.03. Gawanya shilingi 20 kwa hizo, unapata dola moja kwa shilingi tano kasoro kidogo. Septemba 1949 paundi ikashushwa hadi dola 2.80, dola ikawa shilingi 7.14. Kiwango kilikufa, dala ikaendelea kubeba abiria.

Horohoro tulifika saa sita mchana. Siku hizi abiria hukaguliwa mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, kwa hiyo tulivuka hadi Lunga Lunga ndipo tukapanga foleni. Vijana wa kubadilisha fedha walikuja hata kabla sijashuka. Nilimchagua mtu mzima aliyekaa kwenye benchi chini ya mwembe, kikokotoo mkononi, simu mbili mapajani, moja ya laini ya Tanzania na nyingine ya Kenya. Nikamwamkia, akaitikia. Siku hiyo alikuwa akiuza shilingi ya Kenya kwa 19 na nusu za Tanzania na kuinunua kwa 18 na nusu. Nikampa laki moja, akanihesabia 5,128.

Kisha nikatoa zile shilingi mbili za mwaka 1966, ya Nyerere na ya Kenyatta, nikamuuliza ni ngapi kwa ngapi. Alizigeuza pande zote. Akasema, "Moja kwa moja, ndugu yangu. Hizi zilikuwa moja kwa moja."

Ndivyo zilivyokuwa. Juni 1965 mawaziri wa fedha wa nchi tatu walitangaza kwamba kila nchi itakuwa na benki kuu yake. Tanzania haikuridhika na viwanda kurundikana Kenya, na hakuna serikali huru iliyotaka kupanga maendeleo huku ikiomba ruhusa ya kuchapa noti. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, gavana wake Edwin Mtei. Ya Uganda ikafuata Agosti, na ya Kenya tarehe 14 Septemba. Shilingi zote tatu zilipewa thamani moja: 20 kwa paundi, 7.14 kwa dola. Novemba 1967 paundi iliposhushwa tena, nchi zote tatu zilikataa kuifuata, na paundi ikawa shilingi 17.14 kote. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kazi Desemba 1967, uliagiza noti za nchi wanachama zibadilishwe shilingi kwa shilingi bila ada.

Ila usawa huo ulikuwa wa aina tofauti na ule wa rupia mbili. Rupia zililingana kwa mizani. Shilingi hizi zililingana kwa tangazo. Tangazo hudumu kadiri serikali zinavyoweza kulilipia, na mapema miaka ya 1970 kila nchi ilikuwa imeanza kuzuia noti zake zisitoke. Oktoba 1975 zote zikaachana na dola zikafungwa kwenye kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi 9.66 kila moja. Kwenye makaratasi bado zilikuwa ndugu.

Tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka. Shirika la ndege la pamoja lilikuwa limevunjika, kila upande ukimlaumu mwenzake, na Jumuiya nzima ikafa mwaka huohuo. Mpaka ulibaki umefungwa karibu miaka saba. Mimi nilikuwa mtoto, na nakumbuka watu wazima wakishusha sauti wanapolitaja jina la Vanga.

Naomba msomaji anisikilize kwa makini hapa, maana hapa ndipo penye kiini cha safari yangu. Mwaka 1978 bei rasmi ya dola ilikuwa karibu shilingi 7.7 Dar es Salaam na 7.7 Nairobi. Ikaja vita ya Kagera, bei ya mafuta ikapanda mara ya pili, mazao yakashuka bei, hazina ya fedha za kigeni ikakauka. Mtei, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Fedha, aliona hakuna njia ila kukubaliana na Shirika la Fedha na kushusha thamani ya shilingi. Rais, Mwalimu Nyerere, alikataa, na mwaka 1979 Mtei akajiuzulu. Kenya ilianza kuishusha shilingi yake mwaka 1981 na kuendelea. Tanzania ilishusha kidogokidogo. Matokeo yake, ukichukua wastani wa mwaka 1983, dola moja ilikuwa shilingi 13.3 Kenya na shilingi 11.1 tu Tanzania. Yaani kwa bei ya benki shilingi ya Tanzania ilikuwa na thamani kubwa kuliko ya Kenya, ilhali Tanzania ilikuwa haina sabuni.

Nani aliyeamini? Nenda kamuulize aliyekuwa akivuka usiku kwa mtumbwi kutoka Vanga. Alinunua mafuta ya kupikia, sabuni na dawa ya meno kwa shilingi za Kenya, na ili azipate alikuwa tayari kutoa noti za Tanzania mara kadhaa ya zile zilizoandikwa benki. Kiwango cha benki kilikuwepo, lakini benki haikuwa na fedha ya kukuuzia kwa kiwango hicho.

Watetezi wa shilingi nzito walisema kuishusha ni kumwongezea maskini gharama. Nawaheshimu, na najua walisema kwa nia njema. Lakini chukua mkulima wa kahawa. Mzigo wake ukiuzwa nje kwa dola 100, kwa kiwango cha mwaka 1983 ulirudi nchini kama shilingi 1,100 kabla mamlaka ya zao haijakata chake. Akienda na shilingi hizo kutafuta sabuni na nguo, dukani hakuna. Zipo kwa mlanguzi, kwa bei iliyopangwa na soko la magendo. Aliuza kwa kiwango kimoja na kununua kwa kingine. Aliyekuwa na kibali cha kununua dola kwa shilingi 11 alikula tofauti yote. Kwa hukumu yangu kiwango kile hakikumlinda maskini. Kilimnyang'anya, na kwa kuwa alinyang'anywa kimyakimya hakuweza hata kulalamika. Si ajabu kahawa ya Kilimanjaro ikawa inavuka mpaka kwa njia za porini. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, ikiongozwa na Waziri Mkuu Sokoine, ilikamata mali na watu wengi. Kiwango chenyewe, kilichozaa magendo, hakikukamatwa hadi Juni 1984, dola ilipopandishwa hadi shilingi 17.

Bibi alikuwa mchuuzi wa khanga. Alikuwa ndani ya foleni za bidhaa za miaka ile. Tabaka la juu la kopo lake linaishia miaka hiyo kwa sababu, alivyosema mwenyewe, kuweka sarafu kulikuwa hakuna maana tena, akanunua mabati.

Novemba 1983 marais Nyerere, Moi wa Kenya na Obote wa Uganda walikutana Arusha, mpaka ukafunguliwa, na mwaka uliofuata mali ya Jumuiya iligawanywa kwa usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht. Mwaka 1985 kwa bei za benki shilingi hizi mbili zilikuwa bado zinakaribiana, 17.5 Tanzania na 16.4 Kenya kwa dola. Kisha lango likafunguka. Mzee Mwinyi aliingia Ikulu Novemba 1985, na katikati ya mwaka 1986 serikali yake ikafikia mapatano na Shirika la Fedha. Dola ikaruka hadi shilingi 40. Kwa wastani wa mwaka huo shilingi moja ya Kenya ilikuwa mbili za Tanzania. Mwaka 1987, karibu nne. 1988, zaidi ya tano. 1990, nane na nusu. Watu walisema shilingi imeanguka. Kwa macho ya mpakani haikuanguka. Bei ya benki ndiyo iliyoteremka ngazi, mwaka baada ya mwaka, kwenda kukutana na bei ya Vanga iliyokuwa ikiingoja chini. Mwaka 1992 maduka ya kubadilishia fedha yaliruhusiwa, na biashara iliyokuwa kosa la jinai ikapewa leseni na kibao mlangoni.

Mkenya asidhani mstari ulikwenda upande mmoja. Wafadhili walisimamisha misaada mwishoni mwa mwaka 1991, uchaguzi wa 1992 uliambatana na noti nyingi mpya, na kashfa ya Goldenberg ilichota hazina kwa dhahabu isiyokuwepo. Dola iliyokuwa shilingi 36 mwisho wa mwaka 1992 ilifika 68 mwisho wa 1993. Mwaka huo shilingi ya Kenya ilishuka hadi saba za Tanzania. Mwaka 1995 ilikuwa imerudi juu, kumi na moja. Ikawa kumi na nusu mwaka 2000, karibu kumi na nane mwaka 2010, ishirini mwaka 2015. Januari 2024 Kenya ilipokuwa na wasiwasi wa kulipa deni lake la nje, dola ikauzwa karibu shilingi 160 na shilingi ya Kenya ikashuka chini ya 16 za Tanzania. Deni lilipopatiwa njia, ikapanda tena.

Kuna kijana pale Lunga Lunga aliyeniambia kwa fahari kwamba Mkenya ana fedha mara ishirini ya Mtanzania. Nilimkatalia. Namba hiyo haipimi utajiri wa leo. Ni jumla ya tofauti za mifumuko ya bei ya miaka sitini, hasa ile ya miaka ya 1980 ambapo bei Tanzania zilipanda kwa takriban asilimia 30 kila mwaka. Tanzania ingefuta sifuri moja kwenye noti zake kesho, namba ingekuwa mbili, na hakuna ambaye angeamka tajiri au maskini zaidi.

Nilishuka hadi Vanga kwa pikipiki, kupitia mikoko. Mto Umba huingia baharini huko, maji yake yakiwa yametoka Usambara bila kubadilishwa popote. Kisha barabara kuu, Msambweni, Ukunda, na jioni feri ya Likoni ikanivusha kisiwani.

Mombasa, Mji wa Kale, kuna wauzaji wa vitu vya kale wanaouza sarafu kwenye sahani. Nilimwonyesha mmoja kopo langu. Akachambua taratibu, peni na thumuni hazikumvutia, kila mtu anazo. Akachomoa kutoka droo yake noti ya shilingi elfu ya Kenya, ya zamani, yenye sura ya Kenyatta, akaniambia nayo iko katika bidhaa zake sasa. Nilielewa. Juni 1, 2019 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba noti hiyo haitakuwa halali baada ya Septemba. Miezi minne. Ndani ya siku chache benki kuu za Tanzania na Uganda zikazuia kuibadilisha, ili fedha chafu isipite kwao. Muda ulipokwisha, noti zaidi ya milioni saba, zenye thamani ya shilingi bilioni 7 na zaidi, hazikurudi. Nyingi zilikuwa za wezi, sina shaka. Lakini mchuuzi wa Horohoro aliyekuwa na noti sita ndani ya sanduku, akaambiwa na benki ya nchi yake kwamba hawazipokei, hakuwa mwizi. Na sisi Tanzania tulifanya la kwetu: noti zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003 zilipewa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025 kubadilishwa. Miezi mitatu.

Serikali ya mkoloni haikuwa na haja ya kumsubiri baba yake bibi. Lakini mwaka 1966 nchi hizi changa, zikiwa hazina barabara wala simu za kutosha, ziliacha fedha ya zamani na mpya zitembee pamoja: Kenya ilizipa noti za bodi mwaka mzima, hadi tarehe 14 Septemba 1967, na sarafu zikasubiriwa hadi 1969.

Tarehe 30 Novemba 2013, mjini Kampala, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa walitia saini itifaki ya sarafu moja. Ilipangwa ianze mwaka 2024. Sasa mwaka unaotajwa ni 2031. Ikija, kila noti ya Nyerere na kila noti ya Kenyatta itabidi ipewe kiwango na siku ya mwisho. Kwa watakaokaa Arusha kuandika kiwango hicho nina maombi mawili. Kiwe kile ambacho mtu wa benchi la Lunga Lunga tayari anakitoa, kisiwe cha kuringia. Na siku ya mwisho iwekwe mbali, miaka, si miezi, ili habari ifike Duga, ifike Vanga, imfikie kila mama mwenye kopo chini ya kitanda.